Kikundi: Ukoo wa Mzee, Ujiji na Ughaibuni

JUMATATU

Mama Siti (Dar), saa 1:10 asubuhi:
Assalaam alaykum ndugu zangu. Viza ya Bibi IMETOKA. Alhamdulillah. Tunaondoka mimi na yeye Jumapili ya wiki ijayo. Jumamosi inayofuata Zai atatupeleka Laeken, hapo Brussels, kwenye mabanda ya maua ya mfalme wa Ubelgiji. Yanafunguliwa wiki chache tu kwa mwaka, na tiketi unakata kabla, kwa siku na kwa saa. Nataka majina ya walioko Ulaya watakaoungana nasi. Mwisho Jumatano usiku.

Mama Siti (Dar), saa 4:30 asubuhi:
Naona mmesoma watu ishirini na saba. Aliyejibu ni nani?

Shemeji wa Mwanza, saa 4:41:
Shemeji mimi nina swali la msingi. Dagaa wanakwenda au hawaendi?

Mama Siti (Dar):
Dagaa siyo mada.

Shemeji wa Mwanza:
Kwa mtu wa Kigoma dagaa ndiyo mada yenyewe 😂 Mkifungua begi uwanja wa ndege pale, polisi na mbwa wake wote wataomba ugali.

Pili (kwa Bibi, Ujiji):
Bibi amecheka. Anasema dagaa wanakwenda, na mawese lita mbili.

Mama Siti (Dar):
Haya, sasa majina.

(Kimya)

JUMANNE

Zai (Brussels), saa 3:05 usiku:
Shikamooni wote. Samahani, nilikuwa zamu. Shangazi, mimi nipo, hesabu mmoja. Ila kabla hatujakata tiketi naomba niseme kitu kuhusu hapo Laeken, maana sitaki Bibi aingie pale akidhani ni bustani tu.
Mabanda yale ni vioo na chuma, marefu kama msikiti, yamejengwa miaka zaidi ya ishirini kuanzia 1874 kwa amri ya Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji. Huyu huyu wa Congo. Banda moja linaitwa la Congo hadi leo.

Zai (Brussels):
Na mle mle kwenye bustani, katika jumba dogo la mitende, ndimo alimofia, tarehe 17 Desemba 1909. Siku chache tu kabla ya kufa alimwita padri akafungishwa ndoa kwa siri na hawara wake. Anaitwa Blanche Delacroix, wengine humwita Caroline Lacroix. Walianza yeye ana miaka 16, mfalme yuko katikati ya sitini.

Mama Nuru (Muscat), saa 4:20 usiku:
Subhanallah. Miaka 16?

Zai (Brussels):
16, shangazi. Walikutana Paris. Alikuwa na bwana, mwanajeshi wa zamani, na bwana huyo alikuwa akiishi kwa kumuuza. Mfalme akamchukua, akampangia nyumba ng'ambo ya barabara, mkabala na kasri la Laeken, akajengewa na kivuko cha juu ili mfalme apite bila kukanyaga njia ya watu.

Shemeji wa Mwanza:
Daraja zima! Sisi kivuko cha Kigongo tulisubiri miaka mingapi na hatukuwa tunakwenda kwa hawara 😂😂

Mama Siti (Dar):
Shemeji tafadhali. Zai, hadithi baadaye mwanangu. JINA LA PILI NANI?

Mama Nuru (Muscat):
Mwache amalize dada. Zai endelea.

Zai (Brussels):
Alizaa naye wavulana wawili, Lucien 1906 na Philippe 1907. Wa kwanza wakamwita Duke wa Tervuren. Tervuren ndiko kuliko lile jumba la makumbusho la vitu vya Congo, na ndiko walikozikwa Wacongo saba kati ya wale 267 walioletwa maonyesho ya 1897 wakawekwa kwenye vijiji vya bandia watu waje kuwatazama. Makaburi yao yako kando ya kanisa. Mtoto wa hawara amepewa jina la mahali hapo hapo. Mimi nikipita pale huwa natulia kwanza.
Magazeti yalimbatiza mama huyo Malkia wa Congo. Majumba, vito, kasri kule Ufaransa, pesa ile imetoka wapi? Imetoka kwenye utomvu wa mpira wa babu zetu wa ng'ambo ya ziwa, waliokatwa mikono.

(Kimya)

Baba Mdogo (Ujiji), saa 5:02 usiku:
Hilo la mpira nililisikia kwa baba yangu. Wapo waliovuka kwa mitumbwi wakaja kwetu huku. Ndiyo maana Ujiji ina Wamanyema wa pande zote.

Mama Nuru (Muscat):
Na ile ndoa ya padri? Ilimpa urithi?

Zai (Brussels):
Haikumpa kitu mbele ya sheria. Ubelgiji lazima ufunge bomani kwanza, ndipo kanisani. Ya kanisani peke yake serikali haiitambui. Kwa hiyo hakuwa malkia, hakuwa mjane, na wale watoto hawakuhesabiwa ndani ya ukoo wa kifalme. Lakini mali alikuwa ameshampa mkononi. Mabinti watatu wa ndoa ndio aliotaka kuwanyima, Louise, Stéphanie na Clémentine, mali nyingine akaificha kwenye mfuko kule Ujerumani. Louise akashitaki. Kesi zikaendelea mzee yuko kaburini.

Shemeji wa Mwanza:
Jamani wazee andikeni wosia. Mimi ng'ombe wangu wawili nimeshawagawa.

Mama Siti (Dar):
NAFUNGA MADA. Kesho Jumatano. Wa Birmingham mko? Wa Lyon? Nawataja kwa sababu mmesoma.

JUMATANO

Mama Siti (Dar), saa 12:50 asubuhi:
Sabalkheri. Kama jana. Majina.

Kijana wa Lyon, saa 7:15 mchana:
Shikamoo mama mkubwa. Mimi naangalia ratiba ya kazi, nitajibu jioni Inshallah.

Mama Nuru (Muscat), saa 8:00 mchana:
Zai, nimelala na ile habari. Hivi mambo hayo yaliisha na huyo Leopold?

Zai (Brussels):
Hayakuanza naye, na hayakuisha naye. Baba yake, Leopold wa Kwanza, alikuwa na Arcadie Claret. Yule waliyemtafutia mume wa jina, mfanyakazi wa ikulu aitwaye Meyer, ili watoto wa mfalme wapate jina la kuandikwa. Wavulana wawili. Baadaye wakapewa ubaroni, lakini wa Ujerumani, siyo wa hapa.
Na mkwe wa huyu wa pili, mume wa Stéphanie, mrithi wa ufalme wa Austria, alikutwa amekufa Januari 1889 kule Mayerling yeye na kimwana wake wa miaka 17.
Halafu kuna wa juzi, Mfalme Albert wa Pili, huyu yuko hai. Alikuwa na mama mmoja kwa miaka mingi, wakazaa binti 1968, Delphine. Mama yule alikuwa mke wa mtu, kwa hiyo kisheria binti ni wa yule mume. Mwaka 1999 kijana mmoja akaandika kitabu kuhusu Malkia Paola, siri ikatoka. Mfalme kwenye hotuba ya Krismasi akagusia tu kwamba ndoa yao ilipita kwenye misukosuko zamani. Jina la mtoto hakulitaja.

Mama Nuru (Muscat):
Ee Mola wangu. Na mtoto anasikiliza.

Zai (Brussels):
Anasikiliza. Albert alipoachia kiti 2013 binti akaenda mahakamani. Ilibidi kwanza athibitishe kwamba aliyemlea siye baba yake, naye ni tajiri mkubwa, kwa hiyo kwa kufanya hivyo anapoteza urithi wa huko. Mzee akagoma kutoa mate apimwe vinasaba. Mei 2019 mahakama ikasema kila siku unayogoma ni yuro 5,000. Akapima. Januari 2020 akakubali kuwa ndiye. Oktoba 1 mwaka huo huo mahakama ikampa binti jina la baba na cheo cha binti mfalme. Ana miaka 52 hapo! Kabla mwezi haujaisha wakakaa sebule moja, mzee, Malkia Paola, na yeye.

Shemeji wa Mwanza:
5,000 kwa siku hata mimi ningetema mate mpaka ndoo ijae 😂

Mama Nuru (Muscat):
Malkia Paola alikaa naye?

Zai (Brussels):
Alikaa. Picha ilitolewa.

Zai (Brussels), saa 3:40 usiku:
Sasa naomba niseme na mnisamehe wakubwa zangu. Jina la pili la Jumamosi ninalo. Shangazi wa Liège. Amesikia Bibi anakuja. Hajaomba mali, hajaomba kikao. Amesema hivi: nikamwamkie tu.

(Kimya)

Mama Siti (Dar), saa 3:58 usiku:
Zai. Nani alimwambia kuhusu safari?

Zai (Brussels):
Mimi, shangazi. Nilipoumwa mwaka juzi ndiye aliyekuja kukaa na mimi wiki mbili. Alikuwa anapika ugali na sombe, ananiogesha. Siwezi kumficha ujio wa bibi yangu.

Mama Siti (Dar):
Bibi YAKO. Siyo wake. Kikundi hiki ni cha ukoo wa Mzee. Mambo ya Uvira yalizungumzwa arobaini ikaisha, wazee walikaa pale uwanjani, hakuletwa shahidi hata mmoja wa hiyo ndoa. Tusichimbe.

Mama Nuru (Muscat):
Dada, tulizungumza au ulizungumza wewe?

Mama Siti (Dar):
Wewe ulikuwa Muscat! Mimi ndiye niliyekuwa pale nyumba imejaa watu, mama yangu yuko kwenye mkeka, na wageni wanashuka botini na masanduku wanasema na sisi ni wenye msiba. Ungefanya nini?

Shemeji wa Mwanza:
Jamani tuseme tu dagaa ni kilo ngapi...

Mama Nuru (Muscat):
Siyo sasa, baba Nuru.

ALHAMISI

Pili (kwa Bibi, Ujiji), saa 2:15 asubuhi:
Asalaam alaykum. Bibi amenitaka nimsomee yote tangu Jumatatu. Nimemsomea. Amekaa kimya akamaliza chai. Anasema niandike anavyosema, nisiongeze neno.

"Zai mjukuu wangu. Umetusimulia hawara na watoto wake, umetusimulia mabinti na kesi zao. Mwenye nyumba hukumtaja. Huyo Leopold hakuwa na mke? Alikwenda wapi?"

Zai (Brussels), saa 2:40:
Shikamoo Bibi. Ni kweli, sikumtaja. Naomba radhi.
Anaitwa Marie Henriette. Alitolewa kwao kwa wafalme wa Austria akaozwa Ubelgiji 1853, alikuwa bado hajatimiza miaka 17. Alipenda farasi na muziki. Walipata watoto wanne. Wa kiume alikuwa mmoja tu. Alitumbukia bwawani akapata homa ya mapafu, akafa 1869 ana miaka tisa. Baada ya hapo nyumba haikuwa nyumba tena. Mwaka 1895 akahama kabisa, akaenda kuishi mji wa Spa, milimani mashariki huko, peke yake na farasi wake. Akafia huko 1902.
Kuna na hili. Binti yake Stéphanie alikuwa ameolewa mara ya pili na mtu ambaye baba hakumtaka. Alipokuja Spa kumuaga mama yake, mfalme aliamuru aondolewe kwenye jeneza.

(Kimya)

Pili (kwa Bibi, Ujiji), saa 3:30 asubuhi:
Bibi anasema:

"Nami niliolewa na miaka kumi na sita. Mume wangu alikuwa akivuka ziwa na samaki anarudi na vitenge. Nilijua kabla yenu nyote. Yaliyoniuma niliyameza mimi, hayakuwa yenu kuyameza kwa niaba yangu. Siku ile ya msiba yule mtoto alifika mlangoni kwangu akitaka kumwona baba yake mara ya mwisho. Alizuiwa. Nilisikia sauti yake nikiwa kwenye mkeka, na aliyemzuia nilisikia sauti yake pia. Sikuinuka. Hilo langu. Kwenye maua ya mtu aliyemwondoa mtoto kwenye jeneza mimi siendi. Nipelekeni huko alikoishi yule mama."

Pili (kwa Bibi, Ujiji):
Amemaliza. Ameingia ndani.

Kijana wa Lyon, saa 4:05:
Shikamoo Bibi.

Mama Nuru (Muscat):
Shikamoo Mama. 😭

Baba Mdogo (Ujiji), saa 4:22:
Ujumbe huu umefutwa.

Mama Nuru (Muscat):
Baba Mdogo umefuta nini? Nimeona neno Uvira na neno shahidi.

Baba Mdogo (Ujiji):
Hayo nitamwambia mjane wa kaka yangu kwanza, kwa mdomo. Naenda kwake leo baada ya Alasiri.

(Kimya)

Zai (Brussels), saa 1:15 usiku:
Nyumba ya Marie Henriette bado ipo pale Spa, sasa ni makumbusho ya mji. Kutoka hapa ni treni mpaka Liège, na Liège kwenda Spa siyo mbali. Bibi hatatembea sana. Na Liège ndiko... mnajua.

Mama Siti (Dar), saa 4:50 usiku:
Nimesoma yote. Nilikuwa sina uwezo wa kuandika.
Mama, ile sauti ni yangu. Nilidhani nakulinda.
Tiketi za Laeken nilikuwa nimeshakata tatu, mchana huu kabla sijasoma. Sijui kama wanarudisha pesa. Zai ulizia.

Zai (Brussels):
Nitaulizia asubuhi shangazi.

Mama Siti (Dar):
Spa sijui itakuwa Jumamosi au Jumapili, sharti tujue kwanza treni na miguu ya Mama. Kuhusu mtu wa Liège, mimi sijafika. Nipe siku mbili. Namba yake nitumie pembeni, usiiweke hapa.

Zai (Brussels):
Nimetuma.

Mama Siti (Dar):
Imefika. Wa Birmingham bado mnasoma tu. Na dagaa nani ananunua?

Shemeji wa Mwanza:
Mimi, shemeji. Kilo tatu. Moja niifunge peke yake, ya Liège?

(Imesomwa na 27)