Maji ya jikoni na bafuni yaende wapi? Naomba ushauri

Mkazi_Kivule: Wakuu, salaam. Nyumba ina watu 6, kiwanja ni mita 20 kwa 20. Maji ya kufulia, kuogea na kuoshea vyombo yanatoka kwa bomba hadi barabarani, na mtendaji wa mtaa ameshatoa onyo. Kuna anayeshauri yaingizwe kwenye karo la choo. Mnasemaje?

FundiChemba: Usiyaingize humo, mkuu. Karo la choo linataka utulivu ili kinyesi kizame. Maji ya kufulia yakishuka kwa mkupuo yanatibua tope na kulisukuma hadi shimo la kunyonya, nalo linaziba.

Chimba shimo lake. Kwanza pima udongo kwenye kina unachokusudia: tundu la sentimita 30 kwa 30, lijaze maji, liache usiku kucha, asubuhi lijaze tena. Ndani ya nusu saa yakishuka chini ya sentimita 1, ni mfinyanzi, acha.

Watu 6 kwa lita 50 ni lita 300 kwa siku. Udongo wa kichanga tifutifu, ukishazoea maji machafu, hunyonya kama lita 30 kwa mita ya mraba kwa siku, kwa hiyo unahitaji mita 10 za mraba za ukuta. Kitako usikihesabu, ndicho huziba kwanza. Shimo la kipenyo cha mita 1.5 lichimbwe kwenda chini mita 2.1 kuanzia bomba linapoingia. Jenga kwa tofali, viungo vya wima viache wazi, nyuma jaza kokoto, juu mfuniko wa zege. Maji ya mvua ya bati yasiingie humo kamwe.

Bi_Mkubwa: Mafundi wengi wanasahau chemba ya mafuta, na hapo ndipo mashimo yanapokufa. Sinki la jikoni lipitie chemba ya sentimita 60 kila upande. Bomba la kutokea liwe na tii (kiungo cha umbo la T), mguu wake uzame hadi sentimita 20 kutoka chini. Mafuta yanabaki juu yameganda kama samli. Yachote kila wiki, yafunge kwenye mfuko, yaende na taka. Ukiyalainisha kwa maji ya moto yatagandia mbele, kwenye kokoto.

Bwana_Afya: Shimo likae walau mita 30 kutoka kisima chochote, hata cha jirani, na kitako chake mita 1.5 juu ya maji ya ardhini wakati wa masika. Kama uko karibu na mto, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuuharibu ndani ya mita 60. Mwite bwana afya wa kata aone kabla hujafukia.

Mkazi_Kivule: Asanteni sana. Je, nikikuta mfinyanzi?

FundiChemba: Basi usiende chini, tanua. Chimba duara la mita 2, kina sentimita 80, jaza matawi na majani makavu, panda migomba kwenye kingo. Duara moja halitoshi lita 300. Weka mawili, ugawanye bomba. Maji ya jiki yasiende huko, na ndizi tu ndizo zivunwe, mchicha usipandwe humo.