Messiah ya Handel: Beecham 1959, Davis 1966 au Hogwood 1980, mnaikubali ipi?

BesiYaChini:
Habari zenu wanakwaya na wapenda muziki wote. Wiki hii nzima nikitoka kazini nawasha spika najilaza nasikiliza Messiah, ule utunzi mrefu wa Handel wa kwaya, waimbaji wa solo na okestra, rekodi tatu za zamani za waongozaji watatu nazirudia moja baada ya nyingine, maana wengi wetu tunaijua Haleluya tu, ile ya Krismasi na Pasaka, tunadhani ndo wimbo wenyewe, kumbe ile inafunga sehemu ya pili tu na kazi nzima inakaribia masaa mawili na nusu.

Beecham, 1959, na okestra ya Royal Philharmonic. Hii ala zake zimepangwa upya na mtunzi Goossens. Handel mwaka 1741 aliandikia nyuzi, tarumbeta mbili, ngoma na kinanda cha kusindikiza, huyu kaongeza mpaka matoazi! Kwenye Haleluya yakigongwa unahisi dari linatikisika.

Colin Davis, 1966, na okestra ya London Symphony. Ala ni za kisasa lakini kwaya imepunguzwa, mwendo mwepesi, kila neno unalisikia. Watu wa enzi hizo walikuwa wamezoea makwaya makubwa mazito, kwahiyo hii iliwashtua.

Hogwood, ilitoka 1980. Wamefuata toleo la 1754, lile lililopigwa Foundling Hospital, kituo cha watoto waliotelekezwa pale London. Ala ni za aina ya wakati wa Handel, na sauti ya kwanza wanaimba watoto wa kiume wa Christ Church, Oxford.

Mi nasimama na Davis. Nyie je?

MzeeTena:
Mdogo wangu, Beecham usimpite haraka hivyo. Msikilize Jon Vickers, mwimbaji wa tena (sauti ya juu ya wanaume), anavyofungua "Watulizeni mioyo", Isaya 40, ule mstari wa kwanza anaachiwa karibu peke yake, ala zinanyamaza, na yule bwana ana sauti kubwa ya opera ila pale anaishika chini kama mtu anayemtuliza mgonjwa kitandani. Matoazi nakubali yamezidi. Lakini mwimbaji wa tena kama huyo sijampata kwingine.

BintiAlto:
Shikamoo mzee. Mi nampenda Hogwood ila amenitesa jamani. Nilitaka nijifunze sauti yangu nyumbani, nimeweka rekodi, nimekaa na kinanda, naanza kufuatisha na noti zote zinagongana!! Nikadhani kinanda kimeharibika, nikazima nikawasha, wapi.

MwalimuWaNoti:
@BintiAlto dada kinanda chako kizima. Ala za kale wanazikaza chini, noti ya la (A) inatetema mara 415 kwa sekunde badala ya 440 tuliyoizoea, hiyo ni kama nusu toni kamili. Haleluya imeandikwa do ikiwa D, kwa Hogwood unaisikia kama imeshushwa nusu. Kama kinanda chako kina transpozi, ile ya kupandisha na kushusha noti zote, weka -1 utaenda nao sawa kabisa. Na ndo maana sauti ya kwanza kule hawasikiki wakikaza shingo, pale "Mfalme wa wafalme" inapopanda ngazi moja moja huku wengine wanajibu "milele na milele", kwetu ndo mahali wanapoanza kupiga kelele badala ya kuimba.

BintiAlto:
Mwalimu nimeweka -1 imekubali!! Asante sana, Mungu akubariki.
Ila sasa kwa solo za alto, sauti ya chini ya wanawake, narudi kwa Davis. Helen Watts kwenye "Alidharauliwa na kukataliwa na watu", anaimba kipande kifupi anaacha, nyuzi zinamjibu, anaimba tena anaacha. Nimeisikiliza mara nne nikiwa nakunja nguo na mara ya nne nikakaa chini.

BesiYaChini:
Dada umenikumbusha kwanini nimemchagua. Heather Harper naye kwenye "Najua ya kuwa Mteteaji wangu yu hai" ni hivyo hivyo, anaimba kama mtu anayejua kweli, hamshawishi mtu.
Mzee wangu Vickers nimemrudia jana usiku, nakubali, kwa sauti ya tena umeshinda.

MwalimuWaNoti:
Mi kwa kusikiliza Davis, kwa kufundishia Hogwood, maana kwaya yake ni ndogo kama zetu za parokiani na kila sauti unaiona inapita wapi. Jaribuni wote kusikiliza ule ukimya kabla ya neno "Haleluya" la mwisho la wimbo ule kwenye rekodi zote tatu. Kwaya nyingi huku tunauharakisha, tunaogopa kukaa kimya pale, na lazima mmoja atangulie.

MzeeTena:
Mwalimu hapo umenigusa, mwaka juzi Pasaka aliyetangulia nilikuwa mimi. Hesabu umewafundishaje pale, wanahesabu kimoyomoyo au wanakutazama mkono?

MwalimuWaNoti:
Mkono mzee wangu, na vitabu chini. Mistari miwili ya mwisho hakuna kusoma.