Mrejesho: van ya mizigo iliyokuwa inakosa nguvu mlimani

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kuhusu van yangu ya dizeli: ikipanda mlima na mzigo inakata nguvu ghafla, taa ya injini inawaka, ukizima na kuwasha tena inakuwa kama haina kosa. Pia mlango wa pembeni ulishafunguka mara mbili nikiwa barabarani.

Wengi mlisema tabo (turbo, kile kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini) imekufa, na nilibaki kidogo tu niinunue. Aliyeniokoa ni yule aliyesema nipime kwanza. Fundi akamulika tochi chini, akakuta kampira kembamba kanakokwenda kwenye sensa ya presha ya chujio la masizi (DPF, lile la kwenye bomba la moshi) kamepasuka, ufa hauzidi ukucha. Kompyuta ikawa haijui chujio limejaa, kwa hiyo haiyachomi masizi kwa wakati, chujio linaziba na injini inakata nguvu. Na mimi nimechangia: safari zangu ni fupi fupi, nazima injini kabla uchomaji haujaisha. Tumebadilisha mpira, tukalazimisha uchomaji kwa mashine (joto linafika kama nyuzi 600, usiegeshe juu ya majani makavu!). Sasa inapanda vizuri.

Mlango ndio ulionitisha zaidi. Rola ya chini (kigurudumu ambacho mlango unatelezea) imelika, mlango umeshuka, kitasa kinakamata klik ya kwanza tu, hakifiki ya pili ya kufunga kabisa. Kwa macho unaona umefungwa. Rola mpya, kitasa kimerekebishwa, na siegemezi tena mzigo pale.

Umebaki mlio wa nyuma nikipita kwenye matuta. Huo bado sijaushika.