Naomba ushauri: nirudie Kemia au nijiunge na chuo cha ufundi VETA?

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Niko Newala, Mtwara. Kidato cha nne nilipata Biolojia C, Fizikia D, Kiswahili B, Uraia D, lakini Kemia F. Ndoto yangu ni diploma ya uuguzi, na bila ufaulu wa Kemia mlango huo umefungwa.

Mwaka jana nilijisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mtihani ni Novemba, na Novemba huku kwetu ndiyo korosho zinadondoka hasa. Mchana naokota, usiku nasoma. Daftari langu lina madoa ya mabibo hadi leo. Nikapata F tena. Hesabu za moli ndizo zinaniua, nyingine naziweza. Tuisheni nilienda miezi miwili tu, hela ikakata.

Sasa baba anasema msimu huu atanilipia kitu kimoja: ada ya kurudia na tuisheni ya uhakika, au nikasome ushonaji VETA Mtwara mjini. Simlaumu, tuko wanne nyumbani. Mama yeye hasemi kitu, ila cherehani ya bibi ameshaifuta vumbi!

Naombeni mnisaidie mawili. Kwanza, nikifaulu Kemia peke yake, vyuo vya afya vinapokea vyeti vya miaka miwili tofauti? Pili, aliyefanya mtihani akiwa nje ya shule, pepa ya vitendo uliifanyia mazoezi wapi bila maabara?

Nawashukuru sana. Baba anataka jibu kabla ya mnada wa kwanza wa korosho.