Mrejesho: Maneno ya daktari kuhusu rosasea
Assalamu alaykum. Miezi mitatu iliyopita niliwauliza maana ya maneno yaliyoandikwa kwenye cheti changu cha rosasea, yaani maradhi ya ngozi yanayoleta wekundu na vipele usoni, nami nawashukuru nyote mlionifafanulia kwamba eritema ni wekundu wa ngozi, papula ni vipele visivyo na usaha, na telanjiektasia ni vimishipa vya damu vilivyotanuka hadi vikaonekana.

Nilifuata ushauri wenu wa kumwonesha daktari ile krimu ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho) niliyojinunulia mwenyewe Chake Chake, naye akanisimamisha kuitumia kwa kuwa huzidisha maradhi haya, akaniandikia jeli ya metronidazoli (dawa ya kuua vijidudu) ya asilimia 0.75, nipake mara mbili kwa siku. Wiki mbili za mwanzo uso uliwaka kuliko kabla, hata nusura niirudie krimu yangu. Kufikia wiki ya nane vipele vilikuwa vimepungua sana.

Vimishipa vya mashavuni havikubadilika hata kidogo. Daktari ameeleza kuwa jeli haiviondoi, na kwamba tiba yake ni leza, yaani miale maalumu ya mwanga. Kofia pana na krimu ya kukinga jua vimenifaa. Urojo wa moto wenye pilipili, nakiri, sijauacha, na kila nikiunywa uso huniiva.