Shilingi 50 ya lita ya dizeli na shilingi 50 ya ndoo: ipi inunue pampu yetu?

MwekaHazina wa Kisima aliandika:

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni mama wa kijijini, mkoa wa Singida, na huu ni mwaka wa sita natunza hela ya chombo chetu cha maji, yaani kikundi cha wanakijiji kinachoendesha mradi. Huku ni Bonde la Kati, mto wa kudumu hatuna. Tuna kisima kirefu kimoja, jenereta, tangi na vilula (vituo vya kuchotea maji) 9 kwa watu wapatao 2,900. Leo ni siku ya kumi na tisa pampu imelazwa juu ya turubai nyumbani kwa mwenyekiti. Mota imeungua, na sisi tumerudi lamboni, kwenye bwawa la kunyweshea mifugo, pamoja na ng'ombe.

Nina swali la hela, na naomba mnivumilie nianze na mahesabu, maana bila mahesabu swali lenyewe halieleweki.

Mwaka jana tulinunua dizeli lita 3,640. Risiti zote ninazo kwenye faili. Kwenye kila lita ya petroli na dizeli kuna shilingi 50 ya Mfuko wa Taifa wa Maji, tangu bajeti ya 2015/16. Zidisheni: 182,000. Maana yake wanakijiji hawa, kwa kuwasha jenereta ili wapate maji, wameuchangia Mfuko wa Maji 182,000 kwa mwaka mmoja. Tozo hiyo siipingi hata kidogo. Kijiji cha pili kutoka kwetu kimepata mradi mpya na nilikwenda kushangilia maji yalipotoka. Lakini nilipoulizia kwenye ofisi moja kama hela hiyo inaweza kutununulia pampu, nilijibiwa kwamba matengenezo ni ya kwetu wenyewe na yalipwe na ndoo.

Haya, tuitazame ndoo. Ndoo ya lita 20 ni shilingi 50. Kwa wastani tunauza ndoo 800 kwa siku, ambayo ni 40,000, na kwa mwezi 1,200,000. Wauzaji wa vilulani wanachukua asilimia 20, yaani 240,000. Dizeli ni lita 303 kwa mwezi, na huku lita ni karibu 3,000, kwa hiyo 910,000. Mlinzi wa mashine 40,000. Kinachobaki ni 10,000, na hapo sijanunua oili wala filta. Benki tuna 3,870,000, na nyingi kati ya hizo zimetokana na ada za waliovutiwa maji majumbani. Bei tuliyopewa ya pampu kamili na paneli yake ya umeme ni 9,400,000.

Mtasema pandisheni bei ya ndoo. Tulilipeleka mkutanoni. Alisimama mama mmoja mwenye watoto watano, akasema, "Mimi nachota ndoo sita kwa siku, nalipa 300. Ukiifanya 100 kwa ndoo, mbili nitachota kwako za kunywa na nne lamboni." Wenzake wakaitikia. Nikafunga daftari, kwa sababu nilijua anasema kweli: wakipunguza ndoo, mapato yanashuka na dizeli inabaki ile ile.

Sasa nawauliza mnaojua. Kisheria Mfuko wa Maji unaweza kulipia ukarabati wa mradi uliokufa, au ni miradi mipya peke yake? Na kama unaweza, sisi wa kijijini tunapitia mlango gani?

Mstaafu wa Maji alijibu:

Binti yangu, pole sana. Nimekaa kwenye kazi hii tangu enzi za Lister, zile mashine za dizeli za zamani, kwa hiyo niruhusu nianzie mbali kidogo.

Mwaka 1971 serikali ilianzisha mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji safi ndani ya mita 400 ifikapo 1991. Hela za kujenga zilikuja nyingi kutoka nje. Wafini walikuwa Mtwara na Lindi, Wadenmaki Iringa, Mbeya na Ruvuma, Waswidi kanda ya Ziwa. Maji yalikuwa bure. Mashine zilifungwa kwa mamia, na ilipokuja shida ya dizeli na vipuri, zilisimama. Mimi mwenyewe nimekuta tangi lenye rangi mpya ambalo ndani lilikuwa na viota vya ndege.

Funzo lile ndilo lililoandikwa kwenye Sera ya Maji ya 2002: kilula kimoja kwa watu 250, lita 25 kwa mtu kwa siku, mita 400 zikabaki zile zile, ila sasa jamii imiliki mradi na ibebe gharama zote za uendeshaji na matengenezo. Kwa hiyo aliyekujibu hakulitunga. Lina mizizi kwenye sera.

Lakini lipo jambo jingine. Sheria ya Huduma za Maji ya 2019, Namba 5, ndiyo iliyoanzisha RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, ikaanza kazi Julai mwaka ule, na moja ya majukumu iliyopewa ni kuvisaidia vyombo kama chenu katika usimamizi, uendeshaji na matengenezo. Mfuko kwa kawaida unalipa hati za madai ya kazi zilizopangwa kwenye bajeti. Mfuko haupokei barua ya kijiji inayosema "pampu imeungua". Ombi lenu lipitie kwa Meneja wa RUWASA wa wilaya, na lisiitwe matengenezo. Liitwe ukarabati na maboresho: kutoka jenereta kwenda nguvu ya jua, pamoja na kilula kimoja au viwili kwa kitongoji kisichofikiwa. Lipelekeni mapema, kabla mwaka haujaisha, maana bajeti ya Wizara inayosomwa bungeni Mei huwa imeanza kupikwa miezi mingi nyuma.

Fundi Visima alijibu:

Dada, usinunue pampu yoyote kwanza. Nijibu: mota iliungua kwa sababu gani? Nimevua pampu nyingi mikoa ya kati, na nyingi hazikufa kwa uzee. Maji yalishuka kisimani, pampu ikavuta hewa, mota ikakosa maji ya kuipoza, ikaungua. Ukifunga mpya kwenye kisima hicho hicho bila kupima, mwakani utakuja kuuliza swali hili tena.

Tafuta karatasi ya mchimbaji. Iliandika maji yametulia mita ngapi kutoka juu? Halafu mwombe mtu mwenye kamba ya kupimia apime leo. Pia fungueni pampu mtazame impela, yale mapanga yanayosukuma maji. Kama hazijaliwa na mchanga, pampu haina kosa. Nunueni mota peke yake pamoja na kifaa cha kuzima pampu maji yakiisha. Hapo mnaongelea milioni tatu na kitu, siyo tisa.

Na adui yako mkubwa kwenye hesabu ni hiyo 910,000 ya dizeli. Robo tatu ya kila ndoo inaungua kwenye jenereta.

Mwana wa Kahama alijibu:

Mimi naona visima hivi vidogo vidogo vinatuchelewesha. Kwetu maji yanatoka Ziwa Victoria, yanavutwa Ihelele na kupandishwa kilimani Mabale, halafu yanashuka yenyewe kuja Shinyanga na Kahama. Maji ya Ziwa ndiyo yanayoingia mto Nile, na ulikuwepo mkataba wa 1929 wa Mwingereza na Misri uliotaka Misri iridhie kwanza kabla mtu hajagusa maji yale. Mwalimu aliukataa mapema baada ya uhuru, na mradi ukajengwa kwa hela yetu wenyewe. Baadaye bomba likaendelea hadi Nzega, Igunga na Tabora kwa mkopo wa India. Singida ni jirani. Hela za tozo zikusanywe ziende kwenye bomba kubwa, siyo kubandika viraka kwenye kila kijiji.

MwekaHazina wa Kisima alijibu:

Mzee wangu shikamoo, na asante. Umenionyesha mlango ambao nilikuwa naupita kila siku bila kujua ni mlango.

Mwana wa Kahama, bomba la Ziwa nalitamani kuliko unavyodhani. Ila mwanangu anakunywa maji leo. Na hata bomba kubwa lina pampu, na pampu zile zina bili ya umeme na zitachoka siku moja. Swali langu litazifuata mpaka huko: aliyejenga ameshaondoka, nani anatunza?

Fundi, swali lako limenilaza macho. Nimetoa karatasi ya mchimbaji kwenye faili. Kisima kilichimbwa 2011, na maji yalitulia mita 38. Mwaka juzi fundi mmoja alipima akaandika 51, nami nikaipiga mhuri karatasi yake kama risiti ya kawaida, sikuelewa nilichokishika. Mita 13! Juu ya kijiji palikuwa na msitu wa miombo, na tangu mkaa uanze kubebwa pamebaki visiki. Mvua ikinyesha maji yanashuka mbio kwenye korongo jipya, hayakai yakazama.

Sasa najiuliza, hapo ni hela ya nani? Kila mwaka nalipa ada ya kibali cha kutumia maji kwa Bodi ya Maji ya Bonde. Ndoo inalipa mashine. Tozo inajenga mradi mpya. Kule kwenye visiki sijamwona mtu.

Mstaafu wa Maji alijibu:

Marahaba binti yangu. Hapo umegusa donda. Kwa Sheria ya Rasilimali za Maji ya 2009 maji yote ni mali ya umma, Rais ni mdhamini wake, na nchi imegawanywa katika mabonde 9. Bonde lenu linashika eneo kubwa sana na mapato yake ni hizo ada za vibali. Lakini someni madhumuni ya Mfuko katika sheria ya 2019: pamoja na miradi, limetajwa suala la kutunza maeneo yanayolisha vyanzo. Kwa hiyo upandaji wa miti na makinga maji (matuta ya kuzuia maji yasikimbie) juu ya kisima chenu uingizwe kwenye andiko hilo hilo. Undeni pia Jumuiya ya Watumia Maji isajiliwe bondeni. Watu wengi wanaichanganya na chombo chenu: chombo chenu kinauza maji, jumuiya inalinda chanzo.

Ugumu uliopo ni wa namna ya kuhesabu. Mradi mpya una jiwe la msingi na idadi ya watu waliofikiwa. Pampu iliyozuiwa isiungue haina sherehe. Programu ya maji vijijini iliyoidhinishwa na Benki ya Dunia 2018, ile ya dola milioni 350, ilikuwa ya kulipa kwa matokeo, na nilifurahi kuona vilula vinavyoendelea kutoa maji navyo vinahesabiwa kuwa matokeo. Hilo ndilo ningependa lihamie kwenye hela yetu ya ndani.

Kijana wa Bodaboda aliandika:

Wabunge walishasema zaidi ya mara moja tozo ya mafuta ipandishwe kutoka 50 iwe 100. Mnaonaje? Mimi najaza petroli kila siku, itaniuma, lakini mama yangu anachota maji kilomita tatu.

MwekaHazina wa Kisima alijibu:

Mdogo wangu, umenigusa, kwa sababu wewe ndiye utakayeilipa. Mimi nakubali hata 100, na jenereta letu litalipa 364,000 kwa mwaka. Ila kwa sharti moja: sehemu ya hiyo nyongeza itengwe kwa sheria kuwa ya matengenezo makubwa na vyanzo, isihamishwe, isisubiri kazi mpya. Chombo kinachofunga mahesabu yake kila mwezi na kinacholinda chanzo chake kikiunguza mota, kiweze kuomba nusu ya gharama na kijibiwe ndani ya mwezi. Mota, tangi lililopasuka, kusafisha kisima, basi. Koki na mipira tutanunua wenyewe kwa ndoo. Vinginevyo tutalipa mia na tutaendelea kuzalisha miradi mipya inayofuata nyayo za ile ya zamani.

MwekaHazina wa Kisima aliongeza, wiki tatu baadaye:

Nimerudi kuwapa taarifa. Tulifungua pampu mbele ya kamati nzima kama Fundi alivyosema, impela ni nzima. Tumenunua mota na kifaa cha kuzimia kwa 3,520,000. Kwenye akaunti kumebaki 350,000. Maji yametoka Jumanne saa kumi jioni, na yule mama wa ndoo sita alikuwa wa kwanza kwenye foleni.

Andiko tumeliandika siku mbili, mimi, mtendaji na mwalimu wa hesabu: nguvu ya jua, kilula kimoja kitongoji cha juu, miti na makinga maji kule msituni. Limepokelewa, nina nakala yenye mhuri. Mkutano wa kijiji umezuia mkaa upande ule, na wenye tanuri wawili wameomba wapewe hadi mwisho wa mavuno, bado tunabishana.

Kabla ya kushusha pampu tulipima. Ni mita 53. Nimeiandika kwenye ukurasa wa kwanza wa faili, chini ya 38 na 51, na tumeishusha pampu mabomba matatu zaidi. Fundi, nieleze: kisima cha mita 90 kinaruhusu kushuka mpaka wapi?