Emacs kwa kasaiti kangu, laptop ya giga 2 itabeba?

mkorosho_mtwara: Wakuu habari za jioni, nina kasaiti kangu naandika mambo ya korosho na minada, HTML yote (lugha ya kutengenezea kurasa za wavuti) naandika kwa mkono nimechoka, nataka kuhamia Emacs, ile programu ya kuandikia maandishi, ila ramu giga 2 tu, itabeba?

mtanda_lindi: Inabeba vizuri tu mkuu, GNU Emacs ni ya 1985 hiyo. Tumia org-mode, iko humo humo ndani ya Emacs, unaandika kawaida halafu C-c C-e h h (C ni Ctrl) inakutolea HTML.

fundi_shangani: Ila ukianza kuchezea init.el, faili la mipangilio ya Emacs, hutoki, utabadili rangi mpaka usiku wa manane na makala hujaandika. Mi niko zangu Vim, programu nyingine ya kuandikia.

mkorosho_mtwara: Hahaa rangi nishabadili tayari. Na umeme ukikatika?

mtanda_lindi: Inajisevia yenyewe. Fungua faili, piga M-x (M ni Alt) halafu andika recover-this-file.